Adabu Iliyobandua Rangi

Ok Geum-sun na Oddvar Hjelle walikuwa wakigombana vizuri kabisa mpaka walipopelekwa semina.

Nasema vizuri kwa sababu nilikuwepo. Meza yangu ilikuwa katikati ya meza zao, katika kile chumba cha bati kilicho kando ya gati, na kwa miaka mingi nimeandika ripoti za ukaguzi huku matusi yakinipita juu ya kichwa kama mpira wa wavu. Dada Geum-sun ni msimamizi wa rangi wa kiwanda chetu cha meli. Ni mwenyeji wa hapa hapa Geoje, kisiwa cha kusini mwa Korea, wa ukoo wa Ok, watu ambao wakikusalimia asubuhi unajiuliza umewakanyaga wapi. Oddvar ni Mnorwei, mkaguzi aliyeletwa na wenye meli. Kazi yake ni kukubali au kukataa kila tunachopaka. Mafundi walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Mzee Oduba, naye akaitika.

Mambo yalikuwa hivi. Oddvar anatambaa ndani ya tangi la meli na tochi yake, anatoa kichwa upande wa pili, anasema, "Hapa baya. Kwangua." Kikorea chake chote kilikuwa cha namna hiyo.

"Baya macho yako!" anajibiwa na Dada Geum-sun. "Hiyo siyo kutu, ni kivuli cha pua yako!"

"Kutu. Kwangua."

"Sikwangui!"

"Kwangua."

Basi wanaingia wote wawili, tunawasikia wakibwatukiana humo ndani kama paka kwenye pipa, kisha wanatoka. Mara nyingine Dada anawaamuru mafundi wakwangue, mara nyingine Oddvar anafuta alama yake ya chaki. Mchana utawakuta meza moja, kwa yule mama wa supu ya nguruwe nje ya geti. Dada anamrundikia kimchi, yale makabichi yetu ya pilipili, juu ya wali bila kumuuliza, anamwambia, "Kula, umekonda kama mwiko," kisha anamhoji habari za goti lake na za binti yake aliyeachika. Oddvar anajibu neno moja moja na kumaliza bakuli. Walikuwa wanachanganya Kikorea, Kiingereza na mikono, na hakuna aliyewahi kuniita nitafsiri. Ningetafsiri nini?

Halafu, majira ya kuchipua, mainjinia wa mabomba wakakosana na wawakilishi wa wenye meli. Haikuhusu rangi hata kidogo. Mtu mmoja alitoka kikaoni akabamiza mlango, barua pepe zikapanda mpaka kwa wakubwa, na wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba tatizo ni utamaduni. Sisi tukaletewa mwalimu kutoka Seoul. Wao wakafundishwa na mtaalamu wao kwa njia ya skrini.

Mwalimu wetu alikuwa na kipaza sauti kidogo kilichobandikwa shavuni na meno meupe sana.

"Mtu wa Magharibi," alisema, "hana mafumbo. Anachokitaka atakisema. Asichokisema, hakipo."

Mafundi wakatikisa vichwa. Akaendelea. Mtu wa Magharibi usimuulize mambo ya nyumbani kwake. Usimwekee chakula sahanini, huko ni kumwingilia. Usimsogelee, anahitaji nafasi yake. Usimpandishie sauti. Usimuulize jambo lile lile mara mbili, ataona humwamini.

Nikamtazama Dada Geum-sun nikitarajia kumwona amelala. Alikuwa anaandika. Yeye, ambaye sijawahi kumwona akisoma hata maelezo ya dawa ya kikohozi, alikuwa anaandika, na uso umemshuka.

"Hye-ran," akaninong'oneza, "kumbe nimemtesa yule mzee siku zote hizi."

"Nani kakwambia anateseka?"

"Si huyu hapa anasema?"

"Huyu hamjui Oddvar."

"Amesoma," akasema Dada, akaendelea kuandika.

Jumatatu iliyofuata Oddvar aliingia ofisini akainama. Siyo kutikisa kichwa, la. Aliinama mpaka kofia yake ngumu ikaanguka, ikaviringika chini ya meza yangu. Niliambiwa alikwisha kumwinamia mlinzi wa geti, mfagiaji, na mtu wa gesi aliyekuwa anapita tu. Akamsogelea Dada Geum-sun akiwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili kama anayebeba kifaranga.

"Habari za asubuhi, Mheshimiwa Meneja Ok," akasema.

Dada akapokea kikombe. Akasubiri mpaka Oddvar ametoka, akanigeukia rangi imemtoka.

"Ana saratani."

"Dada!"

"Hukumwona? Anaaga watu yule. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, ghafla akawa mpole, hakufika msimu wa makabichi."

"Basi muulize."

"Siwezi. Ni mambo ya nyumbani kwake."

Mchana wakakaa meza moja kama kawaida, nami nikawa nao. Dada akajiwekea kimchi bakulini mwake akarudisha sahani katikati, taratibu, kama inayoweza kulipuka. Oddvar akautazama wali wake mweupe. Akamtazama Dada. Dada akatazama dirisha. Hakuna aliyeuliza habari za goti wala za binti. Mama wa supu alikuja akaniuliza sikioni kama kuna aliyefiwa.

Siku ya pili yake Oddvar hakuja kula nasi. Alikula mkate wake peke yake ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Na hapo ndipo shida ikanihamia mimi. Husemwa kuwa tembo wakipigana nyasi ndizo zinazoumia. Hawa hawakuwa wanapigana. Walikuwa wanapishana kwa adabu, na bado nyasi nikawa mimi.

Oddvar alikuja mezani kwangu akachuchumaa, akasema kwa Kiingereza, sauti ameishusha.

"Hye-ran, naomba ushauri wako. Kama mtu angependa, labda, bila haraka, kumfahamisha Meneja Ok kwamba ngazi ya tangi la nyuma pengine haikufungwa vizuri..."

"Mwambie. Yule pale."

"Moja kwa moja si vizuri."

"Oddvar, wiki ile nyingine ulimwambia ana macho ya samaki aliyekufa."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Sikujua," akasema. "Nasikitika sana."

Dada Geum-sun alikuwa hatua chache kutoka hapo, anasikia kila kitu. "Anasemaje?" akaniuliza kwa Kikorea.

"Ngazi imelegea."

"Kwa nini hasemi mwenyewe?"

"Anaona haya."

"Haya ya nini, mimi mchumba wake?" Kisha nikaona amekumbuka mafunzo. Akanyoosha mgongo. "Mwambie nimesikia, na ninamshukuru kwa taarifa yake ya wazi."

Nikamwambia Oddvar. Akatoka akiwa ameinama, na nje akanivuta mkono. "Amekasirika?"

"Hakukasirika. Amesema asante."

"Ndiyo," akasema kwa huzuni. "Nimefundishwa maana ya asante ya Mkorea."

Niwaambie ukweli, nilitamani kuwafungia wote wawili ndani ya kontena. Ikawa ndiyo kazi yangu kutwa. Mwambie vile, muulize hivi, unadhani alikuwa na maana gani alipokohoa. Dada akisema "sawa," Oddvar ananijia kujua ni sawa ya aina gani. Oddvar akisema "nitafikiri," Dada anasema basi anafikiri, tumwache, hawa watu hawana mafumbo. Ripoti zangu zikalundikana. Nilianza kutembea na dawa za tumbo mfukoni. Nyumbani mume wangu akiniuliza, "Tule nini?" namjibu, "Sema unachotaka au nyamaza kabisa!" Maskini, alikuwa anauliza tu.

Nilijaribu kuwaambia. Nilimwambia Dada, "Yule mzee amefundishwa upuuzi kama tuliofundishwa sisi." Akasema, "Usidharau wataalamu, wewe mtoto." Nilimwambia Oddvar, "Dada Geum-sun hana lugha ya kuzunguka. Akisema ndiyo ni ndiyo, na akisema hapana utaisikia mpaka Busan." Akanitazama kwa huruma, akanishukuru kwa unyenyekevu wangu.

Mvua za majira ya joto zikaingia. Wa kazi hii wanajua maana yake. Hewa inakuwa kama mvuke wa supu, na chuma cha meli kinatoka jasho hata ukikikausha kwa mashine usiku kucha. Rangi ukiipuliza juu ya chuma chenye jasho itakaa, itang'aa, itakuchekea. Lakini haitashika.

Siku ile tulikuwa kwenye tangi la chini kabisa, lile refu na jembamba ambalo mtu anapita kwa tumbo kati ya mbavu za meli. Mafundi walikuwa wamekaa tayari na bunduki zao za rangi. Zamani Oddvar angeingia na Dada nyuma yake akimkanyaga visigino. Safari hii Dada alisimama kwenye tundu la kuingilia.

"Huingii?" nikamuuliza. Nilikuwa pale na karatasi yangu ya ukaguzi.

"Anahitaji nafasi yake."

Oddvar alikaa humo muda. Akatoka amelowa jasho, magoti meusi. Akawatazama mafundi, akamtazama Dada, akafuta tochi yake kwa kitambaa zaidi ya ilivyohitaji kufutwa.

"Leo hewa ni nzito kidogo mle ndani," akasema. "Sivyo, Meneja Ok?"

"Ndiyo," akasema Dada. "Nzito."

"Hasa kule mwisho."

"Kule mwisho huwa nzito siku zote."

Oddvar akatikisa kichwa polepole. "Pengine tungekunywa kahawa kwanza?"

"Ahsante, nimeshakunywa."

"Vema," akasema. "Karatasi nitaisaini mchana." Akainama, akaondoka.

Nikamwona Dada amefungua mdomo. Zamani angemfokea, "Umefika mwisho? Umefika kweli? Goti lako limekuruhusu?" Akaufunga mdomo. Alikwisha kumsikia, na kuuliza mara mbili ni kumdharau. Akawapungia mafundi mkono. Pulizeni.

Mchana Oddvar aliporudi, tangi lote lilikuwa jeupe linang'aa. Akasaini. Baadaye alinieleza alichokuwa anakiwaza. Aliona maji yametulia nyuma ya ubavu wa mwisho, akatoa ishara kwa adabu, Meneja akasema ndiyo, maana yake amesikia, basi bila shaka amewatuma watu wakakausha kabla ya kupuliza. Alijisifu moyoni kwamba hatimaye ameanza kuwaelewa Wakorea.

Tangi likajazwa maji ya majaribio, likaachwa, likafunguliwa. Aliyeingia kwanza alikuwa fundi mmoja mwembamba, akatoka na kipande cha rangi kikubwa kama gazeti. Huko ndani, kuanzia katikati mpaka mwisho, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilikishika kile kipande. Kilikuwa kimetoka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha.

Maana yake ni kukwangua yote na kuanza upya. Kwenye joto lile, mtu amelala chali ndani ya chuma, barakoa usoni, mashine ya kusugua mkononi. Dada Geum-sun aliposikia aliinuka. Alikwenda nyuma ya chumba chetu cha bati akaupiga teke ukuta, mara moja tu, kisha akarudi akaketi. Meli ingechelewa. Wakubwa wakaitisha kikao.

Mezani tulikuwa Mkurugenzi Noh wa kwetu, Dada, Oddvar, na mimi katikati kama kawaida. Kwenye skrini alikuwepo Bi. Ragnhild, bosi wa Oddvar huko Oslo, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo.

"Tungependa kusema," akaanza Bi. Ragnhild, "kwamba hatumlaumu mtu. Tunaelewa kuwa katika utamaduni wa Kikorea, ndiyo siyo lazima iwe ndiyo."

Nikatafsiri. Dada Geum-sun akakunja uso.

"Nasi," akasema Mkurugenzi Noh, ameunganisha vidole, "tunaelewa kuwa katika utamaduni wa Magharibi, mtu hutamka wazi, na asipotamka, wenzake hawana kosa. Hili ni suala la utamaduni."

Nikatafsiri. Oddvar akatazama viganja vyake.

Wakafurahiana. Wakaanza kupanga semina ya pili, safari hii ya siku mbili, hotelini, watu wote waende. Mkurugenzi Noh akasema pana hoteli moja yenye ukumbi unaotazama bahari. Nilikuwa natafsiri habari za ukumbi unaotazama bahari huku nje, jua kali, watu wakikwangua tangi lile, nasikia mlio wa mashine mpaka kwenye meno.

"Labda," akasema Bi. Ragnhild, "kwanza tumsikie Oddvar alisema nini siku ile."

Oddvar akanigeukia mimi. Hakumgeukia Dada, aliyekuwa amekaa mbele yake, uso kwa uso. "Hye-ran, naomba umfikishie Meneja Ok, kwa heshima zote, kwamba pengine sikuweza..."

"Mwambie," akanidakia Dada kwa Kikorea, "kwamba mimi sina kinyongo, na ninaheshimu..."

Nikaweka kalamu chini. Niliiweka kwa nguvu kiasi kwamba iliruka.

"Sitafsiri," nikasema.

"Unasemaje, Bi. Pyo?" akaniuliza Mkurugenzi Noh, kwa jina langu la ukoo.

"Nasema sitafsiri. Hawa wanaelewana. Nimewasikia wakitukanana kwa lugha tatu na hakuna tusi lililopotea njiani. Tangu leo mdomo wangu ni wa kulia wali tu. Semezaneni wenyewe."

Nikavuta kiti changu mpaka ukutani nikakaa. Mkurugenzi Noh akanitazama kama anayetafuta mahali penye swichi ya kunizima. Kwenye skrini Bi. Ragnhild alikuwa anauliza kama mtandao umekatika.

Kisha Dada Geum-sun akamgeukia Oddvar, na akasema kwa ule mchanganyiko wao wa zamani, "Wewe. Uliona maji?"

"Kulikuwa na hali fulani ya..."

"Uliona maji au hukuona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema!" Oddvar akanyanyua sauti. "Nilisema hewa nzito!"

"Hewa nzito ndiyo maji? Kwenu mtu akizama mnasema hewa nzito?"

"Nilisema kule mwisho! Nikasema tunywe kahawa!"

"Kahawa inahusu nini?"

"Ili usimame! Ili tusubiri! Nisingeweza kukuumbua mbele ya mafundi wako!"

"Nani kakwambia ningeumbuka?"

"Semina!"

"Mimi umeniumbua mbele ya mafundi hao hao tangu ulipoteremka kwenye ndege! Nami nilikaa nje ya tangi kama mgeni nisikubane, nikafunga mdomo nisikuulize mara mbili. Unajua nani kaniambia?"

"Nani?"

"Semina!"

Bi. Ragnhild akasogeza uso karibu na skrini. "Amekasirika? Tupumzike kidogo?"

"Hapana," akasema Oddvar bila kumtazama. "Nyamaza kidogo, Ragnhild."

Dada akashusha sauti, na hapo ndipo aliponitisha, kwa maana sijazoea. "Tangi litapakwa. Siyo tangi linaloniuma. Wewe ulinifanya mtu wa kuchungwa. Nimepaka meli tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na wewe unaniletea habari kupitia kwa Hye-ran, kama mtoto anayefichwa msiba. Nilikwenda nyumbani nikamuuliza mume wangu kama nimeanza kuchanganyikiwa."

Oddvar akavuta kiti chake mbele. "Uliacha kuniwekea kimchi," akasema.

"Nini?"

"Ulikuwa unaniwekea. Siku moja ukaacha. Nikajua nimekukosea. Sikujua kosa. Nikazidi kuinama."

"Mimi niliambiwa unachukia! Nikasema, loo, kumbe siku zote alikuwa anakula kwa kuniogopa."

"Nilikuwa nakula kwa kukuogopa," akasema Oddvar. "Mwanzoni. Baadaye nikapenda."

Mkurugenzi Noh akakohoa. Hakuna aliyemjali.

"Na nikwambie kitu kingine," Oddvar akaendelea, sasa maneno yanamtoka kwa wingi ambao sijawahi kuusikia. "Kwetu, pwani ya magharibi, hakuna mtu anayesema wazi. Hakuna! Baba yangu alimwona jirani anatia mashua majini siku ya dhoruba, akamwambia, leo kuna kaupepo. Basi. Jirani akageuza mashua. Mimi nilipokuja hapa nilijilazimisha kusema baya, kwangua, kwangua, kwa sababu sikuwa na maneno mengine ya Kikorea, na nilikuwa naona aibu kila siku. Waliponiambia kwamba Wakorea huzunguka, nilifurahi. Nikasema, hatimaye, watu kama wa kwetu."

Dada Geum-sun akamtazama, mdomo wazi. "Basi umekosea kisiwa," akasema. "Wa kuzunguka wako Chungcheong, huko bara. Huko mtu nyumba yake ikiwaka moto anakuuliza kama huoni joto."

Mimi kwetu ni Chungcheong. Nikanyamaza pale ukutani, mimi niliyetoka kugomea kazi mbele ya mkurugenzi.

Mambo hayakwisha kwa kukumbatiana. Kumbukumbu za kikao ziliandikwa kwamba tofauti za kitamaduni zilijadiliwa kwa uwazi na pande zote, na semina ya pili ikabaki palepale. Oddvar alipewa onyo kutoka Oslo. Dada alipoteza likizo yake, na dada yake aliyekuwa aje kutoka Daegu akaambiwa asije. Tangi likakwanguliwa lote. Mafundi walituchukia sote watatu bila ubaguzi, na walikuwa na haki.

Lakini asubuhi ya ukaguzi wa marudio Dada alifunga kofia yake, akamwambia Oddvar, "Tangulia, nakuja nyuma, na ukifika mwisho ulambe ukuta kama ni lazima." Wakaingia. Nilikaa kwenye tundu na karatasi yangu. Mafundi wakakaa na bunduki zao. Tukasubiri. Huko ndani sauti zikaanza, za chini kwanza, kisha tukasikia, "Hapa maji!" na, "Hayo ni jasho lako, ondoa kichwa!" na, "Maji!" Kisha Dada akatoa mkono nje ya tundu bila kichwa.

"Hye-ran! Taulo na ile mashine ya hewa. Kasema kweli, mshenzi huyu."

Nikapeleka. Wakakausha wenyewe, wamelala kifudifudi, na hatukupaka mpaka siku ya pili yake. Rangi ile imeshika. Meli ilikabidhiwa kabla ya vuli kwisha, imechelewa, na kila mtu akapiga picha.

Semina ya pili ilifanyika kweli, katika hoteli ile yenye bahari. Mimi nilimwambia Mkurugenzi Noh nina tumbo, na halikuwa fumbo, lilikuwa tumbo. Nikalala mpaka jua la mchana likaingia chumbani, na kilichoniamsha ni simu ya Dada Geum-sun.

"Hye-ran! Unajua wamenifanya nini? Mwalimu mpya, mwanamke, amevaa viatu vyekundu. Amenisimamisha mbele ya watu wote. Anasema, huyu mama atuonyeshe jinsi Mkorea anavyokataa bila kutamka hapana. Mimi!"

"Ukafanyaje?"

"Nikasema hapana."

"Akasemaje?"

"Akasema vizuri sana, sasa jaribu kwa upole zaidi. Nikasema, hapana, mwalimu. Yule mpumbavu wetu Oddvar kacheka mpaka katolewa nje, anakunywa maji kwenye ngazi. Sasa mwalimu anasema nina ukinzani. Hivi ukinzani ndiyo nini?"

"Ni wewe, Dada."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akakata simu.

Nikajaribu kulala tena, nikashindwa. Mume wangu akachungulia mlangoni, kwa hadhari, akasema njaa haimsumbui sana. Nikamtazama. Yeye naye ni wa Chungcheong. Nikaamka nikaenda kupika tambi.